Uduvi wa Kabati la Maandazi: Maisha ya Marehemu Valerian Mhina Semboja, 1956–2025

Baba Paroko, wazee wetu, mama zetu, ndugu na majirani mliopanda mlima leo, shikamooni. Naitwa Loyce, mjukuu wa marehemu kwa mwanawe Enock. Tarehe zilizomo humu amezihakiki shangazi Agripina. Mengine ni yale tuliyoyaona nyumbani, na yale ambayo marehemu mwenyewe alipenda kuyasimulia, naye hakupenda mtu ayapunguze.

Marehemu Valerian Mhina Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa hapa Vugiri, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa pale chini karibu na kijito, hatua chache kutoka hapa tuliposimama. Katika kijito hicho ndimo alimowajua uduvi, wale kamba wadogo wa maji baridi wasiofika hata nusu ya kidole, wanaoonekana mpaka ndani kama kipande cha kioo. Mama yake, marehemu bibi Grasiana, akimtuma maji alikuwa anachelewa. Akiulizwa alijibu, "Nilikuwa nawasubiri watoke kwenye ndoo." Alichapwa kwa ajili hiyo mara nyingi, na hakuacha.

Alisoma shule ya msingi hapa Vugiri kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza darasa la saba. Hesabu alikuwa anaiweza kuliko wenzake. Nafasi ya kuendelea haikupatikana, wala hakumlaumu mtu. Alichoondoka nacho shuleni ni tabia ya kuhesabu. Alihesabu ngazi akipanda, alihesabu watu kwenye foleni, na kanisani, Baba Paroko utusamehe, alihesabu waliosinzia. Baadaye alihesabu uduvi kila jioni, na hesabu aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa sebuleni. Mlango ule haujapakwa rangi mpaka leo kwa sababu hiyo.

Mwaka 1974 aliteremka Korogwe akaajiriwa kwenye shamba la mkonge. Alianza kwa kukata majani, akahamishiwa kwenye korona, ile mashine inayokamua jani mpaka zibaki nyuzi, na mwisho akapelekwa chumba cha brashi, nyuzi zinakochanwa ziwe laini. Kwenye korona ndiko alikokutana na Mzee Hussein Mdoe wa Kang'ata, ambaye yuko nasi hapa mbele. Walisimama mashine moja miaka kumi na tisa. Mzee Hussein anasema, "Kelele zilikuwa hazituachi tuongee, ndiyo maana hatukuwahi kugombana." Mzee Hussein alirudi kwao Kang'ata kulima mwaka 2004. Marehemu alistaafu Juni 2011, akiwa na kiwiko cha kulia kinachouma kila mvua inapotaka kunyesha.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na bibi Yasinta Jumamosi tarehe 7 Novemba 1981, hapa Vugiri. Wakajenga Manundu, Korogwe, wakajaliwa watoto wawili, Agripina mwaka 1983 na Enock mwaka 1986. Bibi alikuwa anauza maandazi stendi, kwenye kabati la vioo alilotengenezewa na fundi, lenye mlango wa kufungua nyuma. Marehemu alipoanza kuumwa kiwiko, bibi alimtafutia bangili ya shaba, maana alisikia inavuta maumivu. Aliivaa mkono ule ule wa kulia tangu mwaka 1998. Kama ilisaidia au haikusaidia hakusema, lakini hakuivua hata akioga. Naomba mkumbuke bangili hiyo.

Mwaka 2012 bibi aliacha biashara ya maandazi kwa sababu ya miguu. Kabati likawekwa stoo. Mwaka uliofuata alilitafuta asilione, wakazungumza hivi, na maneno haya bibi ameyathibitisha:

"Baba Agripina, kabati langu liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Sebuleni."

"Sebuleni nimepita sijaliona kabati."

"Hujalitambua. Lina maji."

Alikuwa amelilaza chali, ameziba maungio yote kwa gundi ya vioo, ametandika kokoto chini, na ndani yake kulikuwa na uduvi ishirini aliowabeba kwenye dumu kutoka kijito hiki. Bibi hakusema neno siku mbili. Siku ya pili uduvi wote ishirini walikuwa wamekufa, ndipo aliposema, "Kabati langu na viumbe vya Mungu, vyote umeharibu kwa mkupuo mmoja."

Yale maneno yalimwingia. Angeweza kuacha. Watu wengi wamestaafu na hawana kitu sebuleni isipokuwa redio. Lakini alisema uduvi wale walikuwa wanakaa vizuri kwao, yeye ndiye aliyewatoa, kwa hiyo lazima ajue amewaua na nini. Ilimchukua mwaka mzima. Kwanza aligundua kwamba maji ya bomba yana dawa, akawa anayalaza kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Pili aligundua joto la Korogwe. Uduvi wa Vugiri wamezoea maji yanayouma meno. Akachukua gunia la katani, akalilowesha, akalizungushia kabati pande tatu, upande wa nne akauacha wa kuangalizia. Mchana kutwa alikuwa anapita na kopo la maji analowesha gunia, kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa homa. Safari ya tatu, Aprili 2014, uduvi kumi na wanane waliishi.

Hakujua kwamba wameishi. Wiki ya kwanza aliwakuta wamekufa wawili, wanaelea, weupe, miguu yote ipo. Akawazika kwenye kopo la maua. Kesho yake mwingine. Alizika wanane, uso umemshuka, mpaka bibi alipokaa mbele ya kioo akahesabu yeye mwenyewe.

"Wewe unazika nini?"

"Uduvi."

"Mbona wapo kumi na wanane?"

Kumbe uduvi akikua hujivua gamba lote, mpaka la sharubu, analiacha nyuma kama mtu aliyevua koti akalitundika, na yeye anajificha mpaka gamba jipya likauke. Marehemu alikuwa amezika makoti. Bibi alilisimulia hilo kwenye jumuiya, na kwa muda mrefu akina mama walikuwa wakimkuta njiani wanampa pole ya makoti. Naye alikuwa anaipokea kwa mikono miwili.

Mwezi Juni mwaka ule jike mmoja alionekana na mayai. Uduvi hatagi akaondoka. Mayai anayabeba chini ya tumbo, madogo kama punje za ulezi, na kutwa anayapepea kwa miguu ili maji safi yapite. Marehemu alihesabu siku kwa chaki. Siku ya ishirini na tano mayai hayakuwepo, na watoto hawakuonekana. Alibadilisha maji kama kawaida, akamwagia mgomba. Baadaye ndipo alipovaa miwani, akaona kwenye kopo alilochotea kuna vitu vinaruka. Mtoto wa uduvi akitoka ni kama nukta ya kalamu, lakini ana kila kitu cha mzazi wake. Alikuwa ameumwagia mgomba watoto wote. Alichukua kijiko, akapiga magoti pale kwenye udongo uliolowa, akaanza kuwatafuta.

Hapo ndipo kazi yake ya miaka thelathini na saba ilipomsaidia. Alichukua nyuzi za katani, akazichemsha mara saba mpaka maji yakaacha kugeuka rangi, akazifunga kama brashi, akaziweka kwenye kona ya kabati. Watoto waliofuata wote walikimbilia kule, wakashikilia zile nyuzi wanakula utelezi wake. Maji alikuwa anachota upande mwingine, kopo limefungwa kipande cha chandarua. Kutoka hapo hakupoteza uzao tena. Aliwalisha mchicha wa kuchemsha, kidogo sana, na majani makavu ya mti wa mkungu. Mtu akimwambia anawanyima alijibu, "Mto hauna mpishi."

Majirani walimtania, hilo mnalijua. Kaka Petro wa bodaboda alikuwa kila akipita anapiga breki dirishani. "Mzee Semboja, tunakula lini?" Marehemu anajibu, "Ukimaliza kula pikipiki yako." Wengine walisema hata mchuzi hawatoshi. Lakini watoto wa shule walijaa sebuleni, na aliyekaa kimya dakika tano aliruhusiwa kutumbukiza jani. Ulipofika mwaka 2019 aliacha kuandika namba mlangoni. Aliandika tu "wengi".

Mwaka 2021 alimpelekea rafiki yake, Mzee Hussein, uduvi kumi na wawili kwenye ndoo yenye kifuniko, zawadi. Alimwachia na maelekezo. Kisha akawa anampigia simu kila Jumapili baada ya misa, "Wanaendeleaje?" Baada ya miezi mitatu Mzee Hussein akamwambia, "Semboja, wamekufa." Marehemu alimpa pole. Kesho yake akampigia tena akampa pole. Na Jumapili iliyofuata. Jambo hilo litarudi.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa ndipo alipotaka tusiruke kitu.

Januari 2024 uduvi walianza kufa. Hawakuwa makoti, walikuwa wamekufa kweli, wekundu, wamelala ubavu. Marehemu alirudi kuandika namba. Mlangoni bado zinasomeka: 212, 140, 63, 20, 9. Alibadilisha maji, akabadilisha gunia, akaacha kuwapa mchicha. Bibi alisema labda ni joto. Tarehe 25 Februari aliandika 0, akakaa kitini akiitazama.

Siku mbili baadaye alikuja Bwana Samaki wa wilaya, kaka Faraji, ambaye marehemu alikuwa amemwomba siku nyingi. Alinusa maji, akaangalia kokoto.

"Mzee, kuna kitu chochote cha shaba humu ndani?"

"Hakuna."

"Hata shilingi ya zamani? Hata waya?"

"Mwanangu, humu hata kijiko hakiingii."

Kaka Faraji akakunja shati, akaingiza mkono mpaka kona ya nyuma, akainua brashi ya katani. Chini yake kulikuwa na bangili, imeota kijani.

"Hii ndiyo iliyowaua," alisema. "Shaba kwa uduvi ni sumu. Ni ya nani?"

Bibi akasema, "Ya kwake. Nilimpa mimi."

"Iliingiaje?"

Marehemu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Alisema hajui. Alisema bangili ile ilikuwa inambana mpaka inaacha alama, haiwezi kutoka bila sabuni. Kaka Faraji akaifuta kwa shati lake, akampa. "Hebu ivae."

Ilipita kwenye kiganja bila kugusa. Ikapanda, ikapita kiwiko, ikasimama karibu na bega.

Marehemu alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, kama alivyokuwa anavaa tangu Krismasi, na sisi tulidhani ni heshima. Mezani alikuwa anasema ameshiba. Chakula kilikuwa hakishuki, na alikuwa anajua, ila alikuwa hataki kutusumbua. Alituficha sisi sote wenye macho. Kaka Faraji akasema taratibu, "Mzee wangu, mimi ni wa samaki. Lakini kesho usikae nyumbani. Nenda hospitali."

Tarehe 19 Machi 2024 alipatikana na kansa ya koo la chakula. Daktari wa Dar es Salaam alituambia ukweli, kwamba kupona hatapona, ila amewahi kiasi cha kusaidiwa, na kama angekuja miezi miwili mbele angekuwa amechelewa. Aliwekewa kifaa cha kupanua njia ya chakula, akapigwa mionzi. Akaanza kula ugali laini.

Aliyeumia zaidi ni bibi. Alikaa na ile bangili mapajani akisema, "Nilikupa dawa, kumbe nimekupa sumu. Nimewamaliza uduvi wako." Marehemu alimjibu maneno ambayo sisi tulikuwa tunayasikia kila mara baada ya hapo, maana bibi aliyarudia na yeye aliyarudia: "Yasinta, isingeanguka, nani angenipima mkono?" Bibi alisikia lakini hakutulia. Kabati lilikuwa tupu, limegeuzwa ukutani, na kila akilipita alikuwa anashika kifua. Marehemu alikuwa anamwona. Alimwambia baba yangu, Enock, kwamba kufa hakuogopi, anachoogopa ni kumwacha mke wake na lile kabati tupu. Alitaka aone mayai mara moja tena, na bibi naye ayaone, kabla hajaondoka. Hicho ndicho alichokuwa anakiomba. Lakini uduvi wa kijito hiki walikuwa wamekuwa shida. Baba alipanda huku mara mbili kuwatafuta, masika yalikuwa makali, kijito kimefurika, akarudi na dumu la maji matupu.

Jumamosi tarehe 25 Mei 2024 marehemu alikuwa anarudi kutoka Dar kwenye mionzi, akiwa na baba yangu Enock. Mzee Hussein alitoka Kang'ata kuwapokea Segera, ili waende wote mpaka Korogwe. Basi liliposimama ili abiria wapate chakula, wazee wawili walikaa kwenye benchi kwa muuza machungwa. Marehemu akasimulia habari ya kabati. Alipofika kwenye ile sifuri, Mzee Hussein akaweka chungwa chini.

"Semboja, nina neno."

"Sema."

"Wale kumi na wawili hawakufa."

"Wepi hao?"

"Wa kwangu. Nilikudanganya."

Mzee Hussein ameniruhusu nilisome hili. Siku ile aliyopewa, mke wake bibi Zamda alisema mdudu hatakaa ndani ya nyumba wakati na yeye yumo. Mzee Hussein aliona aibu kuirudisha zawadi ya rafiki. Akawamwaga kwenye tangi la saruji la maji ya mvua nyuma ya nyumba, akafunika. Simu za Jumapili zikamchosha, akasema wamekufa. Alidhani itaishia hapo. "Lakini ukanipa pole," alimwambia. "Ukanipa pole mara tatu. Sasa mtu akishakupa pole mara tatu unamrudiaje?"

Marehemu hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu. "Lile tangi hujawahi kulitia dawa?"

"Sijawahi hata kuliosha."

"Alhamdulillahi," akasema marehemu, Mkatoliki wa Vugiri, na watu wa benchi wakageuka.

Alitaka aende Kang'ata siku ile ile. Baba akamwambia daktari kasema apumzike. "Nitapumzika Kang'ata." Walivutana mpaka basi likapiga honi. Wakakubaliana wiki moja.

Tarehe 1 Juni tulikwenda, yeye, bibi, baba na mimi. Bibi Zamda alitukaribisha vizuri sana, hajui kitu. Marehemu alikuwa amebeba brashi mpya ya katani imefungwa kamba ndefu. Wakaufungua mfuniko wa tangi, wakaiteremsha brashi mpaka chini, kamba wakaifunga kwenye msumari, wakaja kula. Bibi Zamda akauliza, "Shemeji, mmetumbukiza nini kwenye maji yangu ya kunywa?" Marehemu akasema, "Shemeji, muulize mwenye nyumba." Mwenye nyumba alikuwa anatazama sahani.

Baada ya saa moja wakaivuta. Marehemu akamwambia bibi aishike yeye. Bibi akaikung'uta ndani ya beseni jeupe. Maji yakaanza kurukaruka. Walikuwa thelathini na mmoja, wanene kuliko aliowahi kuwafuga, na hiyo ilikuwa ni brashi moja tu.

Bibi Zamda aliinama, akanyooka, akamtazama mume wake.

"Baba Maryamu. Hawa tumewanywa?"

"Sio wote."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Ndiyo maana! Siku ile nimeona kitu kwenye kopo kinaogelea, nikakuita, ukaniambia macho yangu yamezeeka! Nikaenda kupimwa macho Handeni!"

"Si ukapewa miwani nzuri lakini."

Marehemu alicheka mpaka ikabidi ashikwe mgongo. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Januari. Alisema, "Hussein aliwafuga kwa kuwasahau kuliko mimi kwa kuwakumbuka." Bibi yetu naye alicheka, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Kabati lilioshwa, kokoto za zamani zikatupwa zote, likaanikwa juani siku kumi. Kila mtu aliyetaka kuingiza mkono alivuliwa saa na pete. Uduvi thelathini na mmoja wakaingia. Juni ikaisha hakuna mayai. Julai hakuna. Marehemu alikuwa amehamishiwa kitanda chake sebuleni, na kila asubuhi swali lilikuwa lile lile kabla hata ya salamu. Sisi tukawa tunaogopa kumjibu. Kuna siku baba alitaka amwambie yapo, amfurahishe. Bibi akamkataza. "Uongo wa uduvi umetosha katika familia hii."

Tarehe 9 Agosti 2024 bibi alikuwa analowesha gunia. Akasimama. Hakupiga kelele. Alikwenda kitandani, akamshika mkono, akamsogeza taratibu mpaka kwenye kioo. Jike mmoja alikuwa kwenye kokoto anapepea, tumbo limejaa punje za ulezi. Walikaa pale wote wawili mpaka chai ikapoa. Bibi ndiye aliyechukua chaki akaandika 1. Aliandika kila siku mpaka ikafika 26, na siku ile watoto walionekana kwenye nyuzi.

Baada ya hapo marehemu alitoa agizo, na alilitoa mbele ya mashahidi: uduvi wasikae tena nyumba moja tu. Wakapelekwa nyumba nne. Kaka Petro, yule wa breki dirishani, aliwabeba wa kwake mwenyewe, na tangu anunue pikipiki hajawahi kuiendesha polepole vile. Kaka Faraji ana ndoo ya kioo ofisini. Shangazi Agripina anao. Kwa Mzee Hussein wapo kwenye tangi kama zamani, lakini bibi Zamda alikuja Korogwe na jagi lake akaomba wengine wa kuweka sebuleni, maana, alisema, kama nimeishi nao tumboni miaka mitatu, mezani watanifanya nini.

Na tarehe 27 Desemba 2024, akiwa amebebwa kwenye kiti, marehemu alirudi hapa kwenye kijito. Mvua zilikuwa zimenyesha, maji yanakwenda. Alisema mwaka 2013 alichukua ishirini akawaua, hajalala nao vizuri. Akarudisha arobaini. Alihesabu mwenyewe, kwa sauti, mmoja mmoja, na alipofika ishirini na moja akatabasamu.

Marehemu aliishi miezi kumi na saba tangu siku ile ya bangili. Aliaga dunia nyumbani Manundu, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa amekunywa uji nusu kikombe. Aliuliza wapo wangapi. Bibi akamwambia, "Nimeshindwa kuwahesabu, Baba Agripina." Akasema, "Andika wengi." Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa bibi.

Mchana ule akina mama walikuja kutusaidia, wakafagia, wakaosha vyombo, Mungu awabariki. Mmoja wao akaona kabati lenye maji ya kijani akasema tulimwage, wageni wanakuja. Mjane hatakiwi kuinuka kwenye mkeka. Bibi aliinuka. Alisema, "Hao ni wafiwa," akarudi akakaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Paroko, jumuiya, Bwana Samaki Faraji aliyetutuma hospitali wakati sio kazi yake, na Mzee Hussein kwa uongo wake.

Marehemu ameacha mjane, bibi Yasinta, ambaye leo amevaa ile bangili mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio unaoingia kwenye maji. Ameacha watoto wawili, Agripina na Enock, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na rafiki mmoja wa Kang'ata. Ameacha pia uduvi katika nyumba tano na kijito kimoja, na mkimaliza kuweka udongo mnaweza kuteremka pale chini mkawaangalia, ila msiingize mkono wenye shaba.

Babu, Bwana akupokee, akupe pumziko jema. Gunia limeloweshwa. Maji ya kesho yapo kwenye ndoo tangu asubuhi.